Ramani Iliyomridhisha Kila Mtu

Wanangu mnaotumiana ramani za nyumba kwa simu kama mnavyotumiana picha za harusi, hamjambo. Mimi ni Riziki wa Mjambere. Kazi yangu ilikuwa kutoa nakala za michoro katika ofisi moja ya wachoraji kule Changamwe. Mainjinia walichora, mafundi wakajenga, wenye mali wakakata utepe, na mimi niliyesimama katikati yao nikapata kikohozi. Sasa nimestaafu, na vijana wa saiba, lile duka la kompyuta hapa mtaani, wameniomba niwaeleze habari ya skeli, yaani kipimo ambacho mchoro unatumia kuifanya nyumba nzima ikae kwenye karatasi. Wana sababu ya kuniomba, nayo inahusu baraza la mama yangu. Nitaifikia. Mzee hakatizwi.

Tulipoanza hapakuwa na plota, mashine ya kuchapia michoro mikubwa. Palikuwa na mashine ya amonia. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Mimi nikailaza juu ya karatasi ya dawa, nikazipitisha pamoja kwenye taa, kisha ile ya dawa nikaipitisha kwenye mvuke wa amonia, na mistari ikatokea ya samawati. Machozi nayo yakatokea. Harufu yenyewe ni ile ya choo cha stendi, ila hii ililipiwa mshahara. Nilijifukiza udi hadi udi wenyewe ukasalimu amri. Harusini wanawake walikuwa wakinipisha nikae peke yangu kwenye mkeka, na kwa miaka mingi niliamini wananiheshimu.

Lakini mashine ile ilikuwa na fadhila moja. Haikuwa na akili, kwa hivyo haikuwa na ujanja. Karatasi kubwa ikiingia, nakala kubwa hutoka. Ukitaka ndogo, mchoraji achore upya, na mchoraji akiambiwa achore upya mtasikia maneno ambayo hayaandikiki. Adui yetu alikuwa masika tu. Hewa ya pwani ikijaa unyevu, ile karatasi nyembamba hunywa maji ikatanuka, na ukuta mrefu kwenye mchoro unaongezeka bila fundi kuweka jiwe hata moja. Ndiyo maana msimamizi wangu, Mzee Katana, aliweka michoro yake kabatini na balbu inayowaka ndani kutwa kucha, kama mtu anayeatamia mayai. Wageni walidhani amesahau kuizima, na kila mgeni mwenye huruma aliizima akiondoka.

Mzee Katana alikuwa mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuiona nje ya kichwa chake. Alinifundisha kazi kwa sentensi moja, kisha akairudia hadi alipostaafu. "Karatasi haina haya, mwanangu," alisema. "Itakwambia uongo na macho makavu." Dawa yake ilikuwa nyepesi. Kabla ya kutoa nakala nyingi, iulize karatasi swali moja ambalo jibu lake unalijua tayari. Yeye alipenda kuuliza mlango. Upana wa mlango wa kawaida anaujua, basi anachukua rula, anaupima kwenye nakala ya kwanza, anapiga hesabu. Mlango ukisema kweli, na nyumba nzima huenda inasema kweli. Mlango ukitoka mwembamba wa kupita paka, zima mashine uende ukanywe chai, utafakari.

Baadaye zikaja plota na kompyuta, na hapo uongo ukapata injini.

Sikilizeni habari ya karatasi, maana hapa ndipo wengi mnapozama. Karatasi ya A0 ni kubwa kama shuka la mtoto. Ikunje katikati upate A1, ikunje tena upate A2, kisha A3, kisha A4 mnayoandikia barua za kuomba kazi. Kwa kuwa karatasi hukunjika vizuri hivyo, watu hudhani na mchoro utafuata kwa adabu. Haufuati. Mchoro wa A1 ukiulazimisha ukae kwenye A3, kila upande unakuwa nusu. Iliyoandikwa moja kwa mia sasa ni moja kwa mia mbili, na maandishi pale pembeni bado yanasema moja kwa mia bila hata kupepesa jicho. Hiyo ni afadhali, maana nusu hata mtoto anaijua. Balaa ni kuutoa A1 ukaupeleka A2. Hapo unapata moja kwa mia na arubaini na kitu, skeli ambayo hakuna rula iliyotengenezwa kuipima wala binadamu aliyewahi kuiota.

Kisha kuna kile kialama kwenye kompyuta, cha kuiambia mashine iubane mchoro utoshee kwenye karatasi. Kimekaa pale kwa upole na tayari kimewekewa tiki. Kinataka kukusaidia. Wanangu, kiondoeni hicho. Chagueni saizi halisi, asilimia mia, hata kama kingo zitakatwa. Kingo zilizokatwa unaziona. Mchoro uliopunguzwa kidogo hauuoni, na kidogo hicho ndicho kinachoumiza.

Nitawapa mfano. Palikuwa na fundi mmoja wa milango ya nakshi, mwenye mkono wa ajabu, aliyetaka mchoro wa maua utolewe kwa ukubwa wa mlango wenyewe, ili aubandike kwenye mbao na kuchonga juu yake. Kijana aliyenishikia zamu akautoa na kile kialama kikiwa mahali pake. Mashine ikaacha kingo nyeupe za urembo, ikaupunguza mchoro kidogo tu. Fundi akachonga mwezi mzima. Mlango ulipofika kwenye nyumba ya harusi, juu yake pakabaki nafasi ya vidole vitatu, na bibi harusi yuko njiani. Fundi hakutoa jasho. Alikata ubao mtupu usio na ua hata moja, akaupigilia pale juu, na mwenye nyumba akawaambia wageni kuwa huo ndio mtindo mpya, ubao wa pumzi. Wallahi, haikupita miezi mingi wateja wakaanza kuja kuagiza milango yenye ubao wa pumzi. Ukipita Kisauni leo utaiona. Mimi nikiiona huangalia upande mwingine.

Sasa tuje Mjambere.

Mtaa wetu nyumba zake zimejengwa kwa mapenzi, kila mtu akisogea kidogo mbele wakati jirani yuko safarini. Njia ikabaki ya kupita watu wawili, mmoja wao akiwa mwembamba. Gari haliingii. Mgonjwa hubebwa kwa kiti hadi barabarani, na mwenye kuhamia hubeba kitanda chake vipande vipande. Mwishowe majirani tukaketi na kukubaliana kufungua njia ya gari, kila nyumba itoe sehemu yake. Makubaliano yalipita kwa takbiri na kwa haleluya, sababu hakuna aliyetaja upana. Kila mmoja alikuwa na gari lake kichwani. Mwingine aliwaza tuktuk, mwingine aliwaza lori la mchanga.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Bakari, fundi cherehani, mtu ambaye amepima viuno vya mtaa mzima na siri zake zote amezihifadhi. Binti mmoja mchoraji, mzaliwa wa hapa hapa, akajitolea kuchora ramani. Aliichora vizuri sana, nataka hilo lieleweke. Ilikuwa ya A1, moja kwa mia tano, njia ya mita sita, na chini kabisa aliweka mstari wa kipimo, ule uliogawanywa vipande vyeusi na vyeupe. Mstari ule ni kitu kitakatifu katika kazi yetu. Ramani ukiikuza au ukiipunguza, na wenyewe hukua na kupungua pamoja nayo, kwa hivyo ndio pekee usiosema uongo. Nakala moja akaipeleka ofisi za kaunti, na faili akamtumia Mzee Bakari kwa simu.

Karatasi ya A1 mtaani haipatikani, lazima mtu avuke daraja hadi kisiwani. Kamati ikaona huo ni ufujaji. Wakaenda kwa Kevo wa saiba, kijana wa bara mwenye roho nzuri na mashine inayoishia A3.

"Itaingia?" Mzee Bakari akamwuliza.

"Itaingia fiti kabisa, mzee," Kevo akasema. "Hii mashine hujipanga yenyewe."

Ikaingia. Wino ulikuwa unaelekea kwisha na maandishi yalikuwa yamepungua hadi kuwa kama mayai ya chawa, kwa hivyo ile mita sita haikusomeka. Kilichosomeka ni kichwa cha habari tu na yale maneno makubwa ya pembeni: moja kwa mia tano. Mzee Bakari akatafuta mahali pazuri pa kugonga muhuri wa kamati. Pale chini akaona kirembo chenye vipande vyeusi na vyeupe ambacho hakikuwa na kazi, akagonga juu yake.

Kisha akachukua tepu yake ya kushonea, akaipima njia pale kwenye ramani, akapiga hesabu vizuri kama anavyopiga hesabu ya kanzu, akapata mita tatu. Mtaa mzima ukashusha pumzi. Mita tatu ni nini? Ni ukingo wa ukuta huku, mti wa mpapai kule. Siku ya pili vijana wakapita na rangi nyekundu wakitia alama kwenye kuta. Kwetu walitia alama kwenye ukingo wa baraza, shibiri moja tu ndani, na wakamwomba mama radhi.

Nataka mlijue baraza lile. Mama yangu, Bi Mwanaisha, miguu yake imekataa safari. Ulimwengu wake ni pale. Baada ya alasiri nampeleka, anaketi, na kila anayepita lazima aseme shikamoo na aeleze anakotoka, anakokwenda na kwa nini amekonda. Akipelekwa ndani magharibi anajua habari za mtaa kuliko mwenyekiti. Ukimwondolea baraza umemwondolea miguu mara ya pili.

Ramani ilibandikwa ukutani kwa Mzee Bakari. Nilikwenda kuitazama kama mtu anavyokwenda kutazama mtoto wa jirani, kwa adabu tu, na macho yangu yakafanya yale yaliyozoea kufanya. Yakatazama saizi ya karatasi, A3, ilhali sote tulisikia binti amechora A1, yakatazama maandishi ya pembeni, yakatafuta mstari wa kipimo, yakakuta muhuri. Njia ile haikuwa ya mita tatu. Ilikuwa ya mita sita, na mita sita inapita katikati ya mahali anapoketi mama yangu.

Nikarudi nyumbani, nikapika, nikanyamaza. Nilitamani mtu mwingine aone. Mtaa una watu wengi wenye macho, kwa nini yawe yangu? Lakini majirani walikuwa wameanza kununua mawe. Walitaka kujenga kuta mpya kwenye zile alama nyekundu, kuta za gharama na za kudumu, na siku ambayo kaunti ingekuja na ramani yake ya A1, ingezivunja zote pamoja na za zamani. Nikikaa kimya, mama angebaki na baraza lake kwa muda, na watu wangejenga mara mbili. Nikisema, baraza limekwenda. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu. Haikuwepo kwenye karatasi yoyote.

Basi kamati ilipoketi tena, nikaenda.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, tuko kwenye ramani."

"Nami nimekuja kwa hiyo hiyo. Naomba utupimie kitu kimoja. Tupimie nyumba yako hapo kwenye ramani."

"Nyumba yangu? Nyumba yangu naijua."

"Ndiyo maana."

Akacheka, akatoa tepu shingoni. Nyumba ya Mzee Bakari ni ya vyumba sita na ukumbi, aliijenga kwa miaka mitano na hupenda kuitaja. Akapima urefu, akapima upana, akapiga hesabu. Akapima tena. Akavaa miwani. Kwa mujibu wa ramani, nyumba ya vyumba sita na ukumbi ilikuwa na urefu wa mita sita na upana wa mita nne na nusu.

"Haiwezekani," akasema. "Kitanda changu na kabati la mke wangu zinamaliza hiyo."

"Pima msikiti," mtu akasema. Wakapima msikiti. Ukatoka wa safu mbili, na imamu akiwa mlangoni. Kila mtu sasa akataka nyumba yake ipimwe, na kila nyumba ikatoka kibanda cha kuuzia maandazi. Siku zote zile watu walikuwa wamepima njia tu, kwa sababu njia ndiyo iliyowatia hofu. Hakuna aliyefikiria kupima kile anachokijua.

Mzee Bakari aliketi. "Yaani imerudi," akasema taratibu, kama fundi anayeshika kanzu ya mteja iliyofuliwa vibaya ikapungua. "Imerudi nusu nzima."

"Imerudi, mzee."

"Na njia nayo?"

"Njia nayo."

Kicheko kikakatika palepale. Nikawaeleza karatasi, skeli, na muhuri uliogongwa juu ya mstari. Nilidhani watamkasirikia Kevo, au mashine, au angalau muhuri. Wakanikasirikia mimi. Karatasi waliisamehe kabla sijamaliza kusema. Mwanamke mmoja akanambia mbele ya watu kwamba amonia imenipanda kichwani, na mwingine akauliza kama nilikuwa nalipwa na kaunti. Mzee Bakari alikuwa anaitazama nyumba yake pale ukutani, ndogo vile.

Jambo la mama nilikuwa nimeliahirisha. Nilipanga kumweleza polepole, kwa mafungu. Lakini siku mbili baadaye aliniita kutoka barazani, kwa Kimvita chake ambacho njoo ni ndoo na njia ni ndia.

"Riziki, ndoo."

"Abee, mama."

"Mbona watu wapita hawanisalimu? Nimekufa?"

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, karatasi ndogo na karatasi kubwa, mita tatu na mita sita. Alinisikiliza akisugua kipande cha baraza kwa kiganja, pale palipolainika kwa kuketiwa.

"Kwa hivyo hiyo ndia ya kweli yapita hapa nilipoketi."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Laiti ningenyamaza."

"Unyamaze kwa nini?" Akanigeukia. "Siku tulipomtoa babako wewe ulikuwa ndani na wanawake walia. Mimi nilikuwa dirishani. Pale, penye kona ya baraza hili, jeneza halikuzunguka. Wakarudi nyuma, wakajaribu tena, halikuzunguka. Wakamwinamisha, kichwa tini, miguu juu, kama watu wahamisha kabati. Babako, aliyekuwa hata kofia yake hapendi ipinde."

Miaka yote hiyo nilipita kwenye kona ile mara nne kwa siku.

"Mimi si kabati," mama akasema. "Vunda."

Nakala ya pili nilikwenda kuitoa mwenyewe kisiwani, kwa A1, saizi halisi, na Mzee Bakari akaigonga muhuri nyuma ya karatasi. Alama zikatiwa upya. Yeye akaanza na ukuta wake, na baada ya hapo wengine wakaona aibu kubaki. Watu wakarudi kumsalimu mama, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu kwa sababu hawakuweza kuvumilia kutojua alikuwa anawasema nini.

Siku ya baraza letu, fundi alikuja na nyundo. Nilimpimia mimi, kwa kamba na chaki, mstari safi ambao hata Mzee Katana angeukubali. Mama nilimweka kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa njia, na mwavuli juu yake. Fundi akapiga pigo la kwanza, la pili, kipande cha kwanza kikaanguka. Mama akauinua mkono.

"Ongeza hapo kwenye kona," akamwambia.

"Mama, mstari umeishia hapo," nikasema. "Ramani yasema hapo, si zaidi."

"Ramani haijapata kubeba jeneza."

Fundi akasimama na nyundo mkononi, akanitazama mimi mwenye rula. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumruhusu mtu yeyote kuongeza hata unywele juu ya kilichochorwa, awe injinia au awe mwenye mali. Nikamwambia aongeze.